Ukigeuka kitandani dunia ikazunguka, usikimbilie kidonge cha presha

Katika ukurasa huu huwa tunazungumza sana kuhusu watoto. Leo naomba tuwageukie wazazi waliotulea, ambao sasa ni zamu yetu kuwaangalia. Nitaanza na mama yangu mwenyewe. Nimemwomba ruhusa, naye akanijibu, "Andika, huenda ukamsaidia mwenzangu."

Mama alikuja kwetu Dar es Salaam kutoka Pangani baada ya Idi, akae na wajukuu wiki chache. Tumemzoea kuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana, akishamaliza kusali anafagia uwanja hata kama hakuna aliyemwomba. Safari hii alikuwa mwingine. Alilala kama aliyekaa, mito mitatu mgongoni. Alisali akiwa kwenye kiti. Mjukuu wa miaka miwili akimnyooshea mikono abebwe, alimwambia, "Kaa hapa pembeni yangu." Nilipomuuliza ana nini, jibu lilikuwa lile lile: "Uzee, mwanangu."

Aliyefichua siri ni binti yangu wa darasa la pili, aliyekuwa analala naye chumba kimoja. Asubuhi moja akaniambia, "Mama, bibi akiamka anashika kitanda kama mtu aliye kwenye boti."

Siku hiyo nilimkalisha mama, akanieleza yote. Miezi minane nyuma, usiku, aligeukia upande wa kulia akaona paa linazunguka. Alishika godoro kwa mikono miwili, akatapika, akatamka shahada akijua ndiyo mwisho. Kisha ikaacha. Kulipokucha aliinua kichwa atoe sufuria kwenye rafu ya juu, ikamrudia. Alipoinama kufagia, ikamrudia. Alipokwenda kusujudu, ikamrudia, akaangukia ubavu mbele ya watu.

"Hayo mengine nilivumilia," aliniambia. "Kukosa sujudu ndiko kulikoniliza."

Hela tulituma, swali hatukuuliza

Mama hakukaa bure. Alikwenda kupimwa, presha ikaonekana iko juu kidogo, akapewa vidonge. Mara ya pili aliambiwa ni malaria, mara ya tatu UTI. Jirani naye akasema mtu amemchezea, akamwelekeza kwa mtaalamu wake. Huko nako hela ilikwenda.

Sasa niseme la aibu. Miezi yote hiyo mimi na kaka yangu tulikuwa tunatuma hela ya dawa kwa simu. Mama akisema, "Kizunguzungu bado kipo," sisi tulijibu, "Pole mama, nakutumia hela, ongeza dawa." Hakuna aliyemuuliza kizunguzungu chenyewe kikoje, kinamshika akifanya nini, au presha ilisoma ngapi. Tulidhani tunamtunza.

Nilipofungua daftari lake la kliniki nikakuta presha imepimwa mara saba, na iliyokuwa juu ni moja tu, ile ya siku ya kwanza, alipofika akiwa ametapika na kuogopa kufa. Wiki mbili kabla hajaja kwetu aliamka usiku kwenda chooni, akaanguka, akaumia mkono. Alituficha. Ingekuwa ni nyonga, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Tulimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huyo hakuanza na kipimo cha damu. Alianza na maswali matatu. "Mama, ni vitu vinazunguka au unaona giza kama unataka kuzimia?" "Ikikushika inachukua muda gani?" "Inakushika ukifanya nini?"

Mama akajibu bila kusita: vinazunguka, haifiki dakika, nikigeuka kitandani, nikiinama, nikiangalia juu.

Daktari akamkalisha kitandani, akamgeuza kichwa upande wa kulia, akamlaza haraka chali, kichwa kikining'inia kidogo. Mama akapiga kelele. Daktari akaniita, "Njoo uyaone macho yake." Yalikuwa yanachezacheza yenyewe, yanaruka kwa mpigo mmoja kama saa. Baada ya sekunde kadhaa yakatulia. "Tumeupata," akasema. "Upo sikio la kulia." Akaendelea kumgeuza kichwa hatua kwa hatua, akamkalisha. Akarudia mara ya pili. Hata dakika 15 hazikufika.

Mama alikaa kimya, kisha akauliza, "Mwanangu daktari, dawa yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Kuna nini ndani ya sikio

Wengi tunajua sikio ni la kusikia. Kazi yake nyingine ni kututunzia mizani. Ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna vimfereji vitatu vyembamba vilivyopinda kama nusu duara, vimejaa majimaji. Mafundi ujenzi wana kifaa wanachokiita pima maji, cha kuangalia kama ukuta umenyooka. Vimfereji hivi vinafanya kazi inayofanana na hiyo. Ukigeuza kichwa, majimaji yanasogea, na ubongo unaambiwa umegeukia wapi.

Jirani na vimfereji hivyo kuna sehemu yenye vijiwe vidogo mno vya chokaa, vimeshikwa kwenye utando laini. Kazi yake ni kutuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Kila mtu anavyo, hata mtoto mchanga. Tatizo huanza vijiwe hivyo vinapobanduka na kuingia kwenye kimfereji kisicho chake. Ukigeuka, navyo vinaporomoka na kuyasukuma majimaji. Kichwa kimeshasimama, lakini sikio linaendelea kuuambia ubongo kwamba bado unazunguka. Macho yanaamini sikio, yanachezacheza, na wewe unaona chumba kinakwenda mbio. Vijiwe vikishatulia chini, mzunguko unakwisha. Ndiyo maana hauzidi dakika moja au karibu na hapo, ingawa kichefuchefu na kuyumba vinaweza kubaki kwa saa kadhaa.

Madaktari wanauita ugonjwa huu kwa herufi nne, BPPV. Ukiziona kwenye cheti cha mzazi wako, ndio huo. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Unaweza kuja baada ya kugongwa kichwa, kwa mfano katika ajali ya bodaboda, au baada ya kulala kitandani muda mrefu kwa ugonjwa au upasuaji. Umehusishwa pia na mifupa kupungua nguvu na upungufu wa vitamini D. Mara nyingi, hata hivyo, hakuna sababu inayoonekana.

Wapo wanaoshikwa saluni, wakilazwa kichwa nyuma kuoshwa nywele. Wengine kwenye kiti cha daktari wa meno. Fundi gari hushikwa akiwa chali chini ya gari, na mama wa nyumbani akianika nguo kwenye kamba ya juu. Ukisikia mtu anasema "kila nikiangalia juu naanguka", kumbuka habari hii.

Kwa nini vidonge havikumsaidia

Kidonge hakiwezi kukirudisha kijiwe mahali pake. Dawa za kizunguzungu kama sinarizini zinaweza kupunguza kichefuchefu kwa siku moja mbili, lakini zinaleta usingizi, na mzee mwenye usingizi ni mzee anayeanguka. Vidonge vya presha kwa mtu asiye na presha vinaweza kuishusha mno, hasa anapoinuka ghafla. Mama yangu alikuwa na kizunguzungu kimoja, tukamwongezea cha pili.

Tafadhali nielewe vizuri hapo. Sijasema mzazi wako aache dawa za presha. Presha ni ugonjwa wa kweli na unaua kimyakimya, na mtu anaweza kuwa na presha na vijiwe vilivyopotea kwa wakati mmoja. Sisi hatukumwachisha mama dawa wenyewe. Daktari aliagiza apimwe asubuhi na jioni kwa wiki mbili, akaandika kila kipimo, ndipo akazipunguza taratibu.

Njia aliyotumia daktari inaitwa kwa jina la Mmarekani aliyeibuni, John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Oregon. Alianza kuionyesha kwa wenzake mwaka 1980, na wengi walimcheka. Waliona haiwezekani kizunguzungu kilichowashinda kwa dawa kikaondoka kwa kugeuzwageuzwa kichwa. Makala yake kamili ilichapishwa mwaka 1992. Leo ndiyo tiba inayopendekezwa kwanza, na haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji kitanda na mtu anayejua.

Inavyofanywa

Mara ya kwanza ifanywe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu lazima kwanza ijulikane ni sikio gani na ni kimfereji kipi. Mwenye matatizo ya shingo, aliyevunjika uti wa mgongo, mwenye ugonjwa wa retina ya jicho, au aliyewahi kupata kiharusi asijaribu nyumbani hata kidogo. Naeleza hatua zake ili ujue kinachofanyika, na ili daktari akikuruhusu kumsaidia mzazi nyumbani usibahatishe. Hapa ni kwa sikio la kulia. La kushoto unageuza pande zote.

1. Mgonjwa akae kitandani, miguu imenyooka, mto nyuma yake ili akilala uwe chini ya mabega. Ageuze kichwa kulia nusu ya njia ya kuelekea begani, yaani nyuzi 45.

2. Alale chali haraka, kichwa kikiwa bado kimegeukia kulia na kimeshuka kidogo nyuma ya mto. Asubiri sekunde 30, au mpaka mzunguko uishe. Utazunguka, mwambie mapema asiogope.

3. Bila kuinua kichwa, akigeuze kushoto, nyuzi 90. Asubiri sekunde 30.

4. Ageuze mwili mzima alalie ubavu wa kushoto, uso ukitazama chini sakafuni. Asubiri sekunde 30.

5. Ainuke taratibu kupitia upande huo wa kushoto, akae, asisimame mara moja. Awe na mtu wa kumshika.

Wengi hupona kwa mara moja au chache. Siku mbili tatu baadaye mtu anaweza kujisikia mwepesi kichwani kama aliyeshuka chomboni, hiyo ni kawaida. Na niseme ukweli: vijiwe vinaweza kubanduka tena baada ya miezi au miaka. Ukirudi si kwamba tiba ilishindwa. Anarudiwa kufanyiwa.

Wakati mnasubiri kumwona daktari, wekeni taa ya usiku karibu na kitanda, ondoeni mazulia yanayoteleza, shusheni vyombo rafu ya chini. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja ndipo asimame. Asipande ngazi wala mnazi, asiendeshe chombo, asiogelee peke yake.

Maswali matatu ya kuuliza kwa simu

Si kila kizunguzungu ni hiki. Ndiyo maana nataka uyashike yale maswali matatu, uyaulize kabla ya kutuma hela.

Swali la kwanza, vinazunguka au unaona giza? Anayeona giza akisimama, akajisikia kuzimia, huenda presha inashuka, damu imepungua, hana maji mwilini, hajala, au sukari imeshuka kwa dawa za kisukari. Mjamzito mwenye dalili hizo apimwe wingi wa damu.

Swali la pili, inachukua muda gani? Chini ya dakika na inakuja na mkao fulani, fikiria vijiwe. Dakika 20 hadi saa kadhaa, na sikio linavuma, linajaa na halisikii vizuri, huenda ni ugonjwa wa Ménière, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861. Ikiwa dunia inazunguka siku nzima na siku inayofuata bila kupumzika, mara nyingi baada ya mafua, huenda neva ya sikio la ndani imevimba. Lakini kiharusi nacho kinaweza kuja hivyo hivyo, kwa hiyo huyo asisubiri nyumbani.

Swali la tatu, inakushika ukifanya nini? Na hapo ongeza: unatumia dawa gani, umechomwa sindano gani? Baadhi ya sindano za antibayotiki, kama streptomaisini na jentamaisini, zinaweza kuumiza mizani ya sikio. Mgonjwa anayezitumia akianza kuyumba au kusikia mlio masikioni amwambie daktari siku hiyo hiyo.

Na watoto je?

Vijiwe kubanduka ni nadra kwa watoto. Lakini kuna jambo wazazi wanapaswa kulijua. Mtoto mdogo, mara nyingi chini ya miaka mitano, anaweza kusimama ghafla katikati ya mchezo, akapauka, akakushika miguu kwa hofu, hawezi kutembea. Dakika chache baadaye anarudi kucheza kama hakuna kilichotokea. Muda wote anakusikia, hapotezi fahamu. Aina hii ya kizunguzungu ina uhusiano na kipandauso, na mara nyingi utakuta katika familia kuna anayeugua kipandauso. Huisha kadiri anavyokua.

Usikimbilie kusema ni kifafa au shetani. Mpeleke hospitali, na ukiweza mchukue video ya simu wakati imemshika, itamsaidia daktari kuliko maelezo yote. Mtoto anayetoka usaha sikioni kisha akaanza kuyumba au kutapika apelekwe siku hiyo hiyo. Na tuache kuwatia mafuta ya moto masikioni.

Hapa usisubiri

Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kukosa nguvu, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kabisa kusimama, kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote, kifua kuuma, kuzimia, degedege, shingo kukakamaa na homa, au sikio kuziba ghafla lisisikie, mkimbize hospitali muda huo. Usianze kumlaza na kumgeuza kichwa.

Ukifika kwa daktari, mwambie kwa maneno haya: "Mzazi wangu anazunguka chini ya dakika moja kila akigeuka kitandani. Naomba apimwe sikio la ndani." Zahanati ya kwenu isipoweza, omba rufaa kwa daktari wa masikio. Si ukorofi, ni haki ya mgonjwa.

Mama amerudi Pangani. Juzi nilimpigia jioni, hakupokea. Nikapiga tena, kimya. Moyo ukanienda mbio, nikawaza choo, nikawaza nyonga. Baada ya robo saa akapiga mwenyewe.

"Shikamoo mama, mbona hupokei?"

"Marahaba. Nilikuwa nasali, mwanangu. Siku hizi nakaa kwenye sujudu mpaka nikinai."

Basi wiki hii, kabla hujatuma ile hela ya dawa, mpigie mzee wako, umuulize yale maswali matatu. Na hela umtumie pia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.